Gurudumu la Anselme na kikapu cha mama mkwe

Kengele ya misheni bado haijalia na ukungu umelala juu ya mto, lakini Anselme ameshasimama juu ya tuta, mikono yake miwili ikiwa imeshika gurudumu la chuma. Mto uko nyuma yake. Ameupa mgongo kama mtu aliyegombana nao.

Chini yake kidogo, upande wa mto, mwanamke mzee amesimama ndani ya maji yanayomfika magotini. Anaangua kikapu kirefu cha fito kutoka kwenye kulabu ya chuma. Naye amempa Anselme mgongo.

"Volan," Anselme analiambia gurudumu, "ile jani iko naenda wapi leo?"

Mwanamke anachomoa jani la muhogo kwenye kitenge chake, analitupa mbele ya mdomo wa bomba linalopita chini ya tuta, analitazama.

"Kikapu," anakiambia kikapu chake, "jani iko naingia. Pole pole, lakini iko naingia."

Anselme anaanza kuzungusha. Chuma kinalia, bamba zito linateremka ndani ya mfereji wake, na Mto Kongo, ambao msimu huu hupenda kuingia nyumba za watu bila kubisha hodi, unafungiwa nje.

Mgeni akipita atadhani wazee hawa wawili wamepungukiwa na akili. Wenyeji wa mtaa wa Kijitoni, hapa Kisangani, mji ambao barua za serikali zinauita Stanleyville, hawashangai tena. Wanafunga madirisha ya jikoni na kurudi kulala. Mtu na gurudumu wameongea, mtu na kikapu wamejibu, maji hayataingia.

Anselme ni Mgenia, mtoto wa maporomoko. Alikua akipanda magogo makubwa ambayo watu wake huyasimika katikati ya maji yanayonguruma, wakayafunga kwa kamba za porini na kuning'iniza mitego mirefu iliyo wazi mdomoni na myembamba mkiani. Alikuwa hodari, na hakuona aibu kulisema. Mpaka asubuhi moja gogo lilipoteleza akiwa juu yake.

"Mguu ulirudi," anasema akijipapasa nyonga. "Lakini haikurudi yote."

Mtu asiyeweza kupanda gogo hana kazi kwenye maporomoko. Kwa muda alisuka mitego ya wenzake. Kisha alijaribu kubeba magunia bandarini, nyonga ikakataa. Jioni alikula chakula kilichotoka nyumbani kwa wazazi wa mke wake, Célestine, na hapo ndipo alipoonja taabu yake ya kweli.

"Kula chakula ya bokilo ukiwa umeinamisha kichwa, kila siku, ni kazi nguvu kupita magunia," anasema.

Bokilo ni mkwe. Kwa watu wa Anselme, mwanamume hamtazami mkwe wake, hasa mama mkwe, usoni, hakai naye, hataji jina lake, wala hamwambii neno ana kwa ana. Neno hupita kwa mke. Ni heshima, na Anselme ameishika tangu siku ya harusi. Katika mazungumzo marefu juu ya tuta hakulitaja jina hilo hata mara moja. Jina la huyo mwenye kikapu, Mama Gertrude, limepatikana kwa majirani.

Kwa hiyo serikali ilipomaliza kujenga tuta na kutafuta mtu wa kulinda mlango wa maji, Anselme alifika kabla ya wengine na akakaa mlangoni mwa ofisi mpaka alipopewa kofia. Mshahara wake si wa kununua baiskeli. Ila unanunua chumvi, sabuni na daftari za watoto, na chakula anachokula jioni ni chake.

Tuta lenyewe lilitokana na mafuriko makubwa ya miaka michache iliyopita. Kijitoni iko bondeni, na kijito kinapita katikati yake kabla ya kuingia mtoni. Mwaka ule mto uligeuka, ukaingia kwenye kijito, ukatembelea nyumba moja baada ya nyingine. Watu walibeba vitanda vichwani. Mbuzi wa katekista aliishi juu ya paa la kanisa, akala majani ya paa, na maji yaliposhuka alikataa kuteremka.

Mhandisi aliyesimamia ujenzi ni Bwana Octave, Mbelgiji mwembamba mwenye soksi ndefu na sauti ya chini. Alipima, akachora, akaita malori ya udongo na mawe. Lakini tuta likiziba mto, linaziba na kijito pia, na mvua za Kijitoni zinahitaji njia ya kutokea. Ndiyo maana chini ya tuta kuna bomba la saruji ambalo mtu mzima angeingia akiinama, na kwenye bomba kuna bamba la chuma, na juu ya bamba kuna gurudumu.

Anselme anaifafanua kazi hiyo kwa jani moja. Jani likielea kuelekea mtoni, mlango ubaki wazi, mtaa unajikamua. Jani likigeuka kuelekea mtaani, mto umeanza kusukuma, funga. Bwana Octave naye ana ubao wake wenye alama za rangi nyeupe na nyekundu. Ubao na jani havijawahi kugombana.

Watu ndio hugombana.

"Nilifikiri nimepewa volan," anasema Anselme. "Kumbe nimepewa batu yote ya Kijitoni."

Wenye nyumba wanataka mlango ufungwe mapema. Wanawake wanaolima mpunga kando ya kijito wanataka maji yaingie kidogo, "mpaka hapa tu," wakionyesha kifundo cha mguu. Lucie, mkubwa wao, huleta kwanga, ule mkate wa muhogo, iliyofungwa vizuri kwenye majani na kuiweka karibu na gurudumu bila kusema kitu. Saa moja baadaye fundi wa matofali huja na ndizi, naye hasemi kitu, ila yeye anataka bonde likauke. Anselme hula vyote viwili na kulitazama jani.

Na sasa kuna uchaguzi. Kwa mara ya kwanza wanaume wa mji huu watawachagua wakubwa wao wenyewe, na wagombea wamegundua kwamba kwenye tuta ndipo watu wanapokusanyika. Papa Évariste, karani mwenye viatu vipya vya rangi mbili, aliwaahidi wenye nyumba kwamba chini yake mlango utafungwa daima. Kisha alivuka kijito akawaahidi wenye mpunga kwamba utafunguliwa daima. Mtu mmoja alimuuliza hayo mawili yatafanyika siku zipi.

"Tutaunda kamati," akajibu.

Yote hayo Anselme angeyavumilia. Kilichokaribia kumnyang'anya kofia yake ni kikapu.

Lazima isemwe kwamba wa kwanza kukosea alikuwa yeye mwenyewe. Mwaka wa kwanza, maji yalipoanza kusukuma, alitazama mdomo wa bomba. Maji mengi yakikimbia kwenye tundu jembamba, samaki wakikimbizwa ndani yake. Mtu wa maporomoko hawezi kuona jambo kama hilo na kulipita tu. Alisuka mtego mzuri, akauweka ndani ya bomba, akaenda nyumbani kunywa chai.

"Nilisahau kama mimi ndiye mwenye kufunga mulango," anasema, na anacheka mpaka anakohoa. "Kichwa ya muvuvi ilifurahi. Kichwa ya mulinzi ilikuwa imelala."

Aliporudi kufunga, bamba liliteremka juu ya mtego likakwama. Bwana Octave mwenyewe aliingia majini na soksi zake. Hakupiga kelele. Alisema polepole, kwa Kiswahili chake cha kazini, kwamba kikapu kimoja kinasamehewa, lakini kikapu cha pili kikikutwa ndani ya bomba, gurudumu litapewa mtu mwingine.

Tangu siku hiyo Anselme hakuweka hata ndoana.

Mwezi uliopita mvua zilinyesha juu, upande wa Ubundu, na mto ukaanza kupanda. Asubuhi moja Anselme alitupa jani lake. Liliingia ndani ya bomba mbio, kama linaitwa. Akashika gurudumu, akazungusha. Bamba likashuka nusu, likasimama.

Aliinama kutazama. Ndani ya bomba kulikuwa na kikapu.

Kila msusi ana fundo lake. Mgenia hulitambua fundo la jirani kama wengine wanavyotambua mwandiko. Hili lilikuwa na kitambaa chekundu kilichozungushwa mara mbili ukingoni. Anselme alipoliona, nyonga ilianza kumuuma. Lilikuwa fundo la mama mkwe.

Bwana Octave alifika kwa pikipiki kutazama ubao wake. Papa Évariste alifika na watu wake kutazama watu. Wenye nyumba walikuja, wenye mpunga walikuja. Maji yalikuwa yanapita chini ya bamba na kuingia kwenye kijito kwa kishindo.

"Anselme," alisema mhandisi. "Tena?"

"Bwana, haiko yangu."

"Ya nani?"

"Ya mutu."

"Mtu gani?"

Anselme alitazama kofia yake. "Mutu ya heshima."

"Basi toa."

"Bwana, siwezi."

Hakusema uongo. Kugusa mtego wa mwingine bila ruhusa, kwenye maporomoko, ni wizi ambao watoto wako watakuja kuambiwa. Na kuomba ruhusa, katika shauri hili, ni kuongea na mama mkwe. Njia ilikuwa moja tu, mke wake. Anselme alimgeukia Célestine, aliyesimama pembeni na beseni lake.

"Mama ya watoto, uende umuambie—"

"Mimi?" Célestine alirudi nyuma. "Leo sina mudomo."

Bwana Octave alianza kukunja suruali. Umati ukanguruma. Mzee mmoja wa Kigenia akasema kwa sauti kwamba mzungu akigusa kikapu hicho, asitegemee kuuziwa samaki tena mpaka arudi kwao. Mhandisi alisimama, mguu mmoja wa suruali juu, mmoja chini, akifikiri. Alikuwa mtu wa kupenda samaki.

Hapo Papa Évariste akaona nafasi yake. Alipanda juu ya jiwe la upande wa mto.

"Batu yangu! Alors, sisi haiko watoto tena! Tupige kura! Anayetaka kikapu itoke, mukono juu!"

Wenye nyumba waliinua mikono.

"Anayetaka ibaki?"

Wanawake wa mpunga waliinua mikono, kila mmoja miwili.

"Mama Lucie, mikono mbili haihesabiwe!"

"Kura ya mji mulisema ni ya wanaume tu," alijibu Lucie. "Hii ya maji ni yetu. Uhesabu!"

Papa Évariste alihesabu, akakosea, akaanza tena. Alipokuwa anahesabu, mto ulifika kwenye jiwe lake, ukamvua kiatu kimoja taratibu na kwenda nacho. Kura haikukamilika.

Ndipo watu walipopisha njia. Mama Gertrude alikuwa anakuja, kiko mdomoni, hana haraka. Anselme aligeuka papo hapo akautazama mtaa. Mama Gertrude alifika karibu na bomba, akageuka akautazama mto. Kati ya migongo yao lilikuwepo gurudumu.

Maji yalikuwa yameshafika kwenye kizingiti cha nyumba ya kwanza. Nyumba ya kwanza ni ya Anselme.

Alilishika gurudumu kwa mikono miwili.

"Volan yangu," alisema, "wewe unajua mimi sina mguu ya kurudi kwa magogo. Wakikuondoa mikononi mwangu leo, nani atalisha wajukuu wa mutu fulani?"

Bwana Octave akamnong'oneza Célestine, "Anaongea na nani?"

"Na volan, Bwana."

Mama Gertrude alitoa kiko mdomoni.

"Kikapu yangu," alisema, "uambie volan hivi. Mama yangu alikuweka hapa kwa mudomo ya kijito mbele, hii chuma haiko bado. Na mama yake mbele yake. Muzungu alikuja na kamba ya kupimia, akapima miti, akapima mawe. Mimi nilikuwa nimesimama hapa hapa. Mimi hakunipima."

Kwa wanawake wa mpunga ilitoka sauti ya kukubali, ndefu.

"Volan," alisema Anselme, "maneno ya kikapu ni ya haki. Lakini mutu angeniambia mbele ya kutega, mimi nisingepata haya hii."

"Kikapu, uulize ile volan: kwani wiki hii yote, kwa nyumba yake, balikula samaki ya nani?"

Wiki nzima kulikuwa na samaki wanene jikoni kwa Anselme, wa mchuzi wa mawese, na kila jioni alimsifu Célestine kwa kununua vizuri sokoni. Alimtazama mke wake. Célestine alikuwa ameinua beseni na kujificha nyuma yake.

Umati uliangua kicheko kilichosikika mpaka misheni. Hata fundi wa matofali, ambaye tanuri lake lilikuwa linaanza kulowa, alikaa chini akajishika mbavu.

Bwana Octave hakucheka. Alikuwa ameelewa jambo. Alimwomba Célestine arudie maneno ya kupimwa na kutopimwa, akayasikiliza mpaka mwisho, akavua kofia. Kisha alisogea karibu na gurudumu, akalikoholea kidogo kama anavyofanya mtu anapotambulishwa.

"Volan," alisema. "Uambie kikapu: kweli, sikupima vizuri. Upande wa nje, mbele ya mlango, nitaweka kulabu mbili za chuma kwenye saruji. Pale kikapu kinakaa, mlango unafunga, hakuna matata. Pale ni pa huyu mama na binti zake."

Mama Gertrude alivuta kiko. Kilikuwa kimezimika.

"Kikapu, uulize: kulabu ya nguvu, ao ya serikali?"

"Ya nguvu," alisema mhandisi.

"Aseme mbele ya batu."

"Nasema mbele ya watu."

Mwanamke alimkabidhi Lucie kiko chake, akakunja kitenge, akaingia majini. Bamba lilikuwa limekilalia kikapu, na mto ulikuwa unakisukuma kutoka nyuma. Alivuta, hakikutoka. Ilibidi bamba linyanyuliwe kidogo kwanza, yaani maji yaongezwe ili yapunguzwe, na hilo lilihitaji watu wawili wafanye kwa pamoja, mmoja juu, mmoja chini, bila kutazamana.

"Volan, panda!" alisema Anselme.

"Kikapu, toka!" alisema mama mkwe.

Kikapu kilitoka, na mama akakaa kitako majini akiwa amekipakata. Ndani yake samaki mwenye ndevu, mrefu kama mkono wa mtu, alikuwa anapiga mkia. Anselme alizungusha gurudumu upande wa pili kwa uzito wake wote, mguu mbovu ukitetemeka, mpaka chuma kilipogonga chini. Kishindo kikakatika. Kijito kilisimama, kikashangaa, kikatulia.

Nyumba ya Anselme ililowa kizingiti tu. Nyingine zilibaki kavu, isipokuwa jiko la Lucie ambalo hulowa hata kiangazi.

"Mumeona?" alisema Papa Évariste, akiwa amesimama kwa mguu wenye kiatu. "Chama yangu imefunga maji!"

Bwana Octave alitimiza ahadi. Kulabu mbili ziko pale, zimezama kwenye saruji, na wavuvi waliojaribu kuzitikisa usiku ule wa kwanza walikiri kwamba ni za nguvu. Anselme hakunyang'anywa kofia. Lakini amani hiyo imemletea shida mpya. Kila alfajiri, saa ileile ambayo lazima alitazame jani, mama mkwe wake yuko mbele ya mdomo wa bomba anaangua kikapu. Akitazama jani, atamtazama yeye. Asipotazama, mtaa utalowa.

Asubuhi ya kwanza alisimama juu ya tuta akiwa amefumba macho, akisubiri aondoke. Hakuondoka, samaki walikuwa wengi. Basi Anselme akaupa mto mgongo na kuliuliza gurudumu, kwa kukata tamaa tu, jani linaenda wapi. Nyuma yake sauti ikakijibu kikapu.

Imekuwa hivyo tangu siku ile. Mama Gertrude, ambaye hajaajiriwa na mtu, ndiye macho ya mlango wa maji. Bwana Octave aliwahi kuulizwa kama hilo liko kwenye mchoro wake. Alisema mchoro utafuata.

Ukungu unaondoka sasa. Ng'ambo ya mto mitumbwi inaanza kutoka. Anselme amemaliza kuzungusha, ameketi juu ya tuta akinyoosha mguu, bado ameutazama mtaa. Anaulizwa anatumaini nini baadaye.

Anafikiri. Ana binti, Viviane, anayekaribia umri wa kuposwa. Atakayemtaka, anasema, atapata gurudumu hili pamoja naye, kwa sababu nyonga haitadumu milele na kazi ni nzuri, ina kofia. Ameshamwambia Bwana Octave, na Bwana Octave hakukataa.

"Kijana akuje tu," anasema. "Nitamufundisha jani, nitamufundisha chuma. Kisha mimi nitakuwa bokilo. Hawezi kuniangalia, hawezi kunisemesha."

Anatabasamu peke yake.

"Na siku hiyo, mutego yangu itaingia ndani ya bomba. Katikati kabisa. Tuone atafanya nini."

Nyuma yake, kutoka majini, kunasikika kicheko cha mtu aliyeshika kiko kwa meno.

"Kikapu," sauti inasema, "uambie volan: pahali iko na mwenyewe."